Anayemfuata Kulwa

Trrr. Trrr. Simu ya Nassir ilitetemeka juu ya kifuniko cha ndoo ya maji, na kwenye giza lile ilisikika kama mende aliyenasa ndani ya kopo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake jioni. Ilikuwa saa kumi na robo alfajiri, muda ambao mume wangu huamka kwenda kupakia nyanya na kabichi za kupeleka Mikumi. Yeye alikuwa uani ananawa uso. Mimi nilikuwa macho kwa sababu Doto alikuwa amenilalia mkono.

Nikanyoosha mkono wa pili, nikaichukua. Sikuifungua. Maneno yalikuwa yamejianika yenyewe kwenye kioo: "Baba Kulwa, leo usiniache. Niko tayari. Hilda."

Hilda ni Hildegarda. Tunasoma naye darasa la jioni la kompyuta. Anafanya kazi mapokezi kwenye kambi moja ya mahema kule Mikumi, na kila Jumanne na Alhamisi mchana hupanda kirikuu cha mume wangu, kile kigari chake cha mizigo, kuja Kilosa. Hulala kwa shangazi yake karibu na stesheni, kesho yake alfajiri anarudi kazini kwa kirikuu hichohicho. Kirikuu kina viti viwili mbele: cha dereva, na kile ambacho ningekaa mimi kama kungekuwa na mtu wa kuniangalizia watoto.

Nassir aliporudi ndani nilimpa simu yake, nikamwambia abiria wako anakuita. Akasoma, akasema abiria ni abiria. Nikamwambia abiria wengine hukaa nyuma na matenga ya nyanya. Akasema nikitaka atamweka nyuma, ila nyanya zikifika zimepondeka nitakwenda mwenyewe kujieleza kwa mpishi wa kambi. Alisema kwa utani na mimi nikacheka kwa mdomo tu. Nilibaki nimelala nasikiliza injini ikiwaka, ikishuka kuelekea stesheni, ikipunguza, ikisimama. Ilisimama muda mrefu kuliko anaohitaji mtu mmoja kupanda gari.

Niseme ukweli, wivu wangu kwa Hilda haukuanzia kwenye kirikuu. Ulianzia darasani.

Tunasomea chumba cha nyuma cha duka moja la fotokopi. Kuna kompyuta sita, na mbili kati yake herufi zimefutika, unabonyeza kwa kukumbuka. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni hivyohivyo, nikiwa na mimba ya hawa pacha, kwa hiyo nimezoea kusoma wakati watu wengine wanapika. Hilda ana laptopu yake. Ana muda wa kuifungua asubuhi, mchana na usiku, wala hana mtoto wa kumkata usingizi. Mimi programu zangu naziandika kwanza kwa kalamu kwenye daftari, jikoni, halafu naenda kuzinakili darasani. Mwalimu Mathias ana sharti lake: kabla hujaendesha programu, andika unachokisia kitatokea. Anasema ukiendesha kwanza utajidanganya kwamba ulijua. Daftari langu limejaa makisio, na mengi hutimia. Lakini mwalimu akitaka kumwonyesha mgeni kazi nzuri, hugeuza laptopu ya Hilda.

Mwezi ule kulikuwa na jambo la kugombea. Kambi ya Mikumi ilitaka mtu wa kutunza programu yao ya orodha ya wageni, siku tatu kwa wiki, na mwalimu alikuwa amewaahidi jina moja. Darasa zima tulijua ni mimi au Hilda. Mimi nilikwisha kuota mpaka sketi ya kuvaa. Nilijiona nimekaa kwenye kile kiti cha mbele, daftari mapajani, natelemka kambini na kitambulisho shingoni.

Kambi ilikuwa imejitolea kuwachukua watoto wa chekechea ya wanangu, Jumamosi, waende kuona wanyama hifadhini. Watoto walikuwa hamsini na sita. Aliyerudisha fomu ya ruhusa ya mzazi ndiye atakayekwenda. Mwalimu Mathias akasema hicho ndicho kipimo: mmoja wetu atengeneze programu ya orodha, na meneja wa kambi atakuwepo Jumamosi kuiona ikifanya kazi. Alhamisi ya wiki iliyotangulia akatangaza kwamba kazi anapewa Hilda, kwa kuwa anaijua kambi. Mimi nitakuwa mpimaji wake. Akasema nina jicho.

Jumanne iliyofuata, jioni, Hilda alinipa programu kwenye flashi, akanibonyeza bega. "Mama Kulwa, nipimie taratibu, usije ukanipepeta kama mchele. Wewe si uko nyumbani tu, muda unao."

Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, leo naweza kusema hivyo. Siku ile lile "nyumbani tu" lilinikaa kooni kama mwiba wa perege, na alfajiri yake ndipo simu ikatetemeka juu ya ndoo.

Jumatano mchana nilikwenda darasani na pacha wangu, nikawakalisha sakafuni na visoda vyao, vifuniko vya chupa za soda wanavyochezea, nikafungua programu ya Hilda. Ilikuwa nadhifu. Kulikuwa na orodha ya wanaosubiri, watoto wote kwa mpangilio walioandikishwa shuleni, na orodha ya wanaokwenda, ambayo ilianza tupu. Mwalimu wa chekechea akileta fomu, Hilda anaweka alama kwenye majina hayo, anabonyeza, na programu inapita jina moja moja. Ikikuta alama, inamwandika mtoto kwa wanaokwenda na kumwondoa kwa wanaosubiri. Hilda alikuwa amekwisha kuibonyeza mara moja Jumanne, na angeibonyeza tena Alhamisi na Jumamosi asubuhi.

Niliandika kisio, nikaendesha. Nikiweka alama kwa mtoto mmoja wa katikati, anakwenda. Wawili walioachana, wanakwenda. Halafu nikafanya ninachofanya siku zote nikijaribu orodha, nikaandika majina ya wanangu: Kulwa, Doto. Kisio: wote wawili watakwenda.

Akaenda Kulwa. Doto akabaki kwenye kusubiri, na alama yake kichwani.

Nilidhani nimekosea kubonyeza. Nikarudia. Doto akabaki. Nikaweka watatu wanaofuatana, akaenda wa kwanza na wa tatu, wa katikati akaachwa. Nikaweka alama kwa wote hamsini na sita, wakaenda ishirini na nane, mmoja ndiyo mmoja hapana, kama mtu anayechambua mchicha huku anaongea na simu. Na ajabu yake, hakuna lolote lililoandikwa kwamba kuna kosa. Nikajaribu mkusanyo wa aina nyingine, ule usio na foleni, ambao vitu vimo tu kama nguo kwenye beseni. Huo ulikataa katikati ya kazi na kuniandikia kwa wekundu kwamba umebadilishwa wakati bado unapitiwa. Orodha ya Hilda haikulalamika. Iliruka tu, ikaendelea na safari.

Nikateremka sakafuni, nikawaomba wanangu visoda. Nikavipanga kumi kwenye mstari, nikapitisha kidole: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha tatu nikakiondoa, na kwa kuwa orodha haikubali pengo, nikavisogeza vyote vilivyofuata hatua moja kuliziba. Aliyekuwa wa nne sasa amekaa kwenye nafasi ya tatu. Lakini kidole changu kilikwisha kumalizana na ya tatu, kinakwenda ya nne. Yule aliyesogea kuziba pengo hakuguswa.

Doto alikuwa anatazama. Doto haongei mbele za watu. Ukimuuliza jina, Kulwa anajibu, na hata nyumbani Kulwa ndiye anayesema tumeshiba. Alikiokota kile kisoda kilichorukwa, akaniwekea kiganjani, akarudi kukaa.

Nikapanda tena kwenye kiti. Nikaandika mstari mmoja tu, kwenye daftari kisha kwenye kompyuta, programu ipite kwenye nakala ya orodha na iondoe kwenye orodha yenyewe. Kidole huku, kuondoa kule. Wakaenda wote hamsini na sita. Nikaelewa pia kwa nini Hilda hakuona kitu: aliyerukwa leo, alama yake inabaki, na programu ikiendeshwa tena siku nyingine inamkuta na kumchukua. Kosa linajifuta lenyewe. Ila mara ya mwisho, Jumamosi asubuhi, hakuna siku nyingine. Na orodha ile imefuata uandikishaji, ndugu wameandikwa pamoja, na wazazi huleta fomu za ndugu pamoja.

Mstari mmoja, dakika tano za kumweleza. Nikaufuta kwenye kompyuta.

Nikachana zile kurasa za majaribio, nikazikunja, nikaziweka ndani ya pochi yangu. Nilikuwa namwona Hilda mbele ya meneja, mtoto wa mtu analia kwamba kaachwa, laptopu haina la kusema. Nilikuwa naona mwalimu akigeuka kunitafuta. Nikajisemea watakaorukwa watakuwa wawili watatu, wataingizwa kwa mkono tu, gari halitaondoka bila wao. Nikajisemea kazi ya kutengeneza si yangu, yangu ni kupima, na mimi nimepima.

Lakini wangu niliwahakikisha kwanza. Alhamisi asubuhi nikapeleka fomu ya Kulwa peke yake. Ya Doto nikaipeleka Ijumaa. Kulwa atachukuliwa Alhamisi, Doto Jumamosi, hakuna wa kumziba mwenzake. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi jioni Nassir alimtelemsha Hilda mlangoni kabisa pa darasa. Walikuwa wanacheka kitu, wakaninyamazia waliponiona, au ndivyo nilivyoona mimi. Mwalimu akanidai taarifa yangu. Nilikuwa nimeandika sentensi moja: nimeijaribu programu, inaondoa majina. Akaniuliza kama niliandika makisio kwanza. Nikasema ndiyo. Yalitimia? Nikasema mengi. Hilda akanishika mkono kwa furaha, mkono wake ulinukia losheni ya wageni wa kambi, na nikatamani kuunawa wangu.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa wote nje ya chekechea. Gari mbili za kambi zilikuwa zimeegeshwa, zile ndefu zenye madirisha ya vioo ubavuni. Nyuma yake kirikuu cha Nassir, kimebeba maji, ndizi na masufuria. Meneja, Bwana Yohana, alikuwa mtu mfupi wa kuangalia saa. Hilda alikaa kwenye kiti cha plastiki, laptopu juu ya dawati la mtoto, na Mwalimu Tumwagile wa chekechea amesimama pembeni yake na fomu za mwisho, anasoma jina, Hilda anaweka alama.

Nilikuwa karibu, nikasikia. "Kulwa Nassir," alisema Mwalimu Tumwagile. Akageuza karatasi. "Doto Nassir."

Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamuuliza kama ya Kulwa haikuingizwa Alhamisi. Akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Iliingizwaje wakati ya Doto haijaja? Nimeiweka kando nikaisubiri ya mwenzake. Pacha tunawatenganisha lini, Mama Kulwa?"

Hata mimi siwatenganishi. Gauni nikinunua nanunua mawili, dawa nikimpa mmoja na mwingine analamba kijiko. Katika kijiji chochote cha Kilosa mtu angefanya alivyofanya yeye, na mimi mama yao ndimi ambaye sikulifikiria hilo. Nilifungua mdomo. Hilda alikwisha kubonyeza.

Ikasomwa orodha. Aliyeitwa aliitikia, akapanda. "Kulwa Nassir." Kulwa akaitikia kwa sauti ya watu wawili, akapanda mbio, akijua Doto yuko nyuma yake. Jina lililofuata lilikuwa la mtoto mwingine. Na lililofuata. Ditram aliitwa, mdogo wake Donati hakuitwa. Amon aliitwa, dada yake Loveth akabaki ameshika begi. Hilda akafika mwisho, akainua uso anatabasamu.

Watoto wa gari la kwanza wakafungiwa mlango. Doto alikuwa amesimama pale pale kwenye mstari, viatu vyeupe, mikono imenyooka ubavuni kama walivyofundishwa. Hakulia. Alikuwa anangoja tu.

Mzazi wa Donati akaja juu. Nassir naye akashuka, akauliza si tulileta fomu zote mbili. Bwana Yohana akasema kwa upole kwamba majina yamekwisha kutumwa kwenye geti la hifadhi na muda unakwenda, ila kama programu inasahau watoto, mgeni wake je, si ataachwa porini? Mwalimu Mathias alimtazama Hilda, na Hilda alikuwa anapandisha na kushusha orodha.

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo tangu Jumatano, na nitakuwa mwongo nikisema haikuniingia tamu. Iliingia. Ilikaa kama punje ya sukari kwenye ulimi, kisha nikasikia Hilda anasema.

"Mwalimu, programu haina shida, Mama Kulwa aliipima. Akipima yeye imepimwa. Kosa litakuwa kwenye fomu, au nimeweka alama vibaya mimi."

Aliyasema hayo akiwa na machozi, mbele ya bosi wake. Alikuwa anajitwisha kosa ili lisinifikie mimi.

Nikamwangalia Doto. Nikafungua pochi.

Nikamwambia Mwalimu Mathias kosa liko kwenye mzunguko wa programu, si kwenye fomu, na nimelijua tangu Jumatano. Nikampa zile kurasa. Akazikunjua, akasoma kisio la kwanza mpaka la mwisho, na ule mstari mmoja wa tiba chini.

"Tangu Jumatano?" Hilda aliuliza.

"Tangu Jumatano."

"Nimekukosea nini, dada?"

Nikasema nilisoma ujumbe wake kwenye simu ya mume wangu. Ilinitoka hivyo hivyo, mbele ya Nassir, mbele ya meneja. Nassir akashika kichwa. Hilda akasema tu kwamba Jumatano ya wiki iliyotangulia Nassir alimsahau kweli, akakaa stesheni mpaka saa mbili asubuhi, akakatwa siku kazini. Sikujua niuweke wapi uso.

Mwalimu akakunja kurasa zangu kama zilivyokuwa, akazitia mfukoni. Akaniambia, bila hasira, kwamba kazi yangu ni nzuri kuliko zote alizopokea mwaka ule, na kwamba jina langu hatalipeleka Mikumi. Mtu anayeliona shimo barabarani na kukaa kimya hakabidhiwi safari ya watu. Nikasema nimeelewa. Nililia baadaye, nyumbani. Pale nilikuwa na jambo lingine.

Hilda alikisogeza kiti, akageuza laptopu upande wangu. "Andika," alisema. Hakusema kwa ukarimu wala kwa chuki. Nikachuchumaa kando yake, nikaandika ule mstari. Kwa sharti la mwalimu, nikamwambia kisio langu kwanza: watatu. Akabonyeza yeye.

Watatu. Bwana Yohana alikuwa amekwisha kumpigia mtu wa getini na simu iko sikioni, akaanza kumsomea majina kadiri Hilda alivyoyaita. Loveth akapanda. Donati akapanda. Wivu bado ulikuwepo, msidhani ulikwenda. Nilikuwa namtazama Hilda alivyokaa kwenye kile kiti cha plastiki na bado nilikitaka. Lakini ulikuwa umekaa kando, haunizibi macho.

"Doto Nassir," akaita.

Kimya. Kulwa alikuwa ndani ya gari, nyuma ya kioo, hasikii, hawezi kumwitikia mwenzake. Doto alinigeukia mimi. Hilda akasubiri, mwalimu akasubiri, na mimi niliyezoea kumjibia nikaubana mdomo.

Akapiga hatua moja mbele, akamtazama Hilda usoni.

"Doto ni mimi."